Kwetu Kongwa: Karanga za Mwingereza, Wapigania Uhuru na Sisi Watoto wa Vumbi

Hapa Dar es Salaam kila mtu ana kwao. Ukikutana na mtu, kabla hamjafika mbali lazima akuulize kwenu wapi. Anayesema Moshi anaulizwa mbege na safari za Krismasi. Anayesema Bukoba anaulizwa senene, halafu anaulizwa ana digrii ngapi. Anayesema Tanga haulizwi kitu, anatabasamiwa tu. Mimi nikisema Kongwa watu wananitazama kama nimetaja jina la dawa ya kienyeji. Ikabidi niongeze "Dodoma", na hapo sasa ndipo unaanza utani wa mlenda, unafuata utani wa ombaomba, unamalizia utani wa ukame. Nimeusikia mara nyingi mpaka siku hizi nausema mwenyewe haraka haraka ili tuumalize, tuendelee na mengine.

Kwa wasiopajua, ukitoka Dar, ukapita Morogoro, ukapita Gairo, ukapita Kibaigwa kwenye lile soko kubwa la mahindi, unafika Mbande. Pale wenzako wanaendelea na lami kwenda Dodoma, wewe unakata kushoto. Barabara hiyo hiyo ukinyooka nayo inakupeleka Mpwapwa. Utotoni mwangu ilikuwa ya vumbi. Ukishuka kwenye basi, ndugu zako waliokuja kukupokea walikuwa hawakutambui mpaka unawe uso. Wanaofuatilia siasa wanaijua Kongwa kama jimbo la hayati Job Ndugai, aliyekuwa Spika wa Bunge kuanzia 2015 hadi 2022. Wengine wanajua kuna ranchi ya ng'ombe. Basi.

Sasa ndugu msomaji, nataka nikwambie kitu ambacho hata mimi sikukijua vizuri mpaka nilipokuwa mtu mzima. Huo mji unaoucheka wewe ulishachekwa zamani na watu wakubwa zaidi yako. Uingereza nzima iliucheka. Wabunge wa London waligombana kwa ajili yake. Halafu, vumbi la kicheko hicho lilipotulia, mji huo huo ukapokea vijana waliokwenda kubadilisha ramani ya kusini mwa Afrika. Sisi tulicheza juu ya hayo yote tukiwa hatuna viatu na hatuna habari.

Lakini nianze na hao watoto wasio na viatu.

Burudani ya kwanza ya mtaani kwetu ilikuwa redio. Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam peke yake, na hata baada ya stesheni za watu binafsi kuanza mwaka 1994, sisi kule tuliendelea kuisikiliza ile ile maana ndiyo iliyofika. Redio ya baba ilikuwa na heshima kuliko sisi watoto. Ilishonewa koti la kitambaa. Betri zikiisha nguvu haukununua mpya, ulizianika juani juu ya bati kama unavyoanika mtama, na jioni zinapewa nafasi nyingine ya kusema. Taarifa ya habari ikianza kila mtu kimya, hata kuku. Yakija matangazo ya vifo ndiyo kabisa, maana msomaji alitaja orodha ya ndugu walioko Mwanza, Tabora, Songea na Mtwara, na mama alikuwa anazisikiliza familia za watu asiowajua kana kwamba anahakiki daftari la wapiga kura. "Hao wa Tabora hao," anasema, "mbona leo hawajatajwa?"

Burudani ya pili ilikuwa banda la video. Televisheni Bara ilianza mwaka 1994, lakini kutoka studio za Dar mpaka mtaani kwetu safari ilikuwa ndefu. Kilichotufikia kwanza ni mtu mmoja mwenye jenereta, kideo na kanda sita. Ukuta wa magunia, mabenchi ya magogo, kiingilio shilingi chache. Asiye na hela alilipa kwa ndoo ya maji. Filamu zilikuwa za Rambo, za Kichina na za Kihindi, na mbele ya kioo alisimama kijana mmoja wa kututafsiria. Sifa yake ya kufanya kazi hiyo ni kwamba alishawahi kufika Dar mara moja. Kiingereza alikuwa hakijui, Kichina ndiyo usiseme. Kwa mujibu wa tafsiri yake kila adui duniani alikuwa anasema neno moja tu: "Leo nakuua!" Na kila steringi alijibu, "Huniwezi!" Mpaka nafika sekondari niliamini kwamba Wachina ni watu wa maneno machache. Mzozo pekee niliowahi kuushuhudia humo ndani ni siku steringi alipokufa kabla ya mwisho. Watu walidai hela zao. Steringi hafi bwana, hiyo inajulikana.

Baiskeli ilikuwa ya kukodi, na ilikodiwa kwa dakika. Tatizo ni kwamba saa alikuwa nayo mwenye baiskeli, na saa hiyo ilikimbia kuliko baiskeli yenyewe. Mtu mzima anachomoa saa mfukoni, anaitazama kwa huzuni kama daktari, anakwambia, "Mwanangu, umezidisha." Hujafika hata kwenye kona!

Siku kubwa kuliko zote ilikuwa siku ya Mwenge. Wiki nzima tunafagia barabara ambayo upepo wa Kongwa unairudishia vumbi saa hiyo hiyo. Mawe yanapakwa chokaa. Miti inapakwa chokaa. Mbuzi aliyekaa sehemu moja muda mrefu alikuwa hatarini. Siku yenyewe tunapangwa mstari asubuhi, tunaimba mpaka sauti zinakauka, jua linapanda, jua linashuka, halafu ghafla msafara unatokea, vumbi linatimka, na Mwenge uliowashwa mara ya kwanza kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru mwaka 1961 unapita mbele yako ukiwa umefumba macho. Nimeulaki Mwenge mara nne. Kuuona nimeuona mara moja.

Halafu zikaja simu za mkononi. Minara ilipoanza kusogea mikoani mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtandao ulifika kwetu kwa kugusagusa, na ukagundulika kwamba unashika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya mashine ya kusaga. Jioni watu walipanga foleni kukipanda. Siri zote za mji tulizijua pale. Nani anadaiwa, nani ameachwa, nani anaomba nauli. Kuna jamaa mmoja alisimama kileleni akapaza sauti: "Mpenzi, mimi niko Dodoma mjini, tumebanwa sana na vikao!" Mbuzi wote waliokuwa karibu wakachagua dakika hiyo hiyo kulia. Tangu siku hiyo akaitwa Mheshimiwa.

Sasa, nyuma ya mambo yote hayo kulikuwa na vitu vya ajabu ambavyo sisi tuliviona vya kawaida kwa sababu tulivikuta. Vipande vya vyuma vilivyozama ardhini. Misingi ya nyumba katikati ya pori. Tuta refu lililonyooka, lisilokwenda popote, ambalo lilitufaa kwa mashindano ya kukimbia. Wakubwa walisema, "Hapo ilipita reli." Sisi tukacheka. Reli? Kongwa? Reli yenyewe ije kufanya nini?

Mtaani kwetu alikuwepo babu mmoja, mlinzi wa duka, ambaye hadithi yake kuu ilikuwa kwamba aliwahi kuona vifaru vya vita vikilima shamba la karanga. Tulimpenda sana huyo babu, lakini tulikubaliana kwamba ni muongo. Tulikuwa tunakwenda kumsalimia makusudi. "Shikamoo babu. Hebu tusimulie tena vile vifaru." Naye hakatai. Anatuambia jinsi Wazungu walivyofunga mnyororo wa meli kati ya tingatinga mbili ili kuangusha vichaka, jinsi mbuyu mmoja ulivyoyashinda mashine, nyuki wakatoka ndani ya mbuyu na kuwafukuza madereva, Mzungu mbele, Mgogo nyuma, wote wanalia lugha moja. Hapo anaigiza bosi wake akipiga kelele, "Hari apu! Hari apu!" na sisi tunaanguka kwa kicheko.

Basi bwana, miaka ikapita, nikaingia kwenye kazi hii ya kuandika, nikaanza kusoma. Babu hakuwa muongo hata kidogo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Siagi na mafuta ya kupikia viligawiwa kwa mgao. Mwaka 1946 bosi mmoja wa United Africa Company, kampuni ya ukoo wa Unilever, aitwaye Frank Samuel, akapata wazo kwamba Afrika Mashariki ilimwe karanga kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ukaja kukagua kwa wiki kama tisa, sehemu kubwa ya nchi wakiitazama kutoka kwenye ndege. Wakarudi na mpango wa mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Piga hesabu: ekari 3,210,000. Mashamba 80 kati ya hayo yangekuwa Tanganyika. Gharama ilikadiriwa kama pauni milioni 25. Serikali ya chama cha Labour ikakubali, Waziri wa Chakula John Strachey akaupigia debe, na mahali pa kuanzia pakachaguliwa. Mahali penyewe ni kwetu.

Mwaka 1947 mashine zikaanza kufika. Nyingi zilikuwa mabaki ya vita yaliyonunuliwa huku na kule yakiwa yameshachoka. Matrekta mazuri yalikuwa adimu, kwa hiyo kiwanda cha Vickers kikachukua vifaru aina ya Sherman, kikaviondoa mzinga na turubai la chuma, kikavigeuza kuwa matrekta. Yakaitwa Shervick. Niliposoma mstari huo niliweka kitabu chini nikamkumbuka babu. Vifaru vililima Kongwa, na sisi tulikuwa tunamcheka aliyeviona kwa macho yake!

Mengine unaweza kuyakisia. Vichaka vya Kongwa vina mizizi kuliko matawi. Udongo una mfinyanzi mwingi, ukinyeshewa unateleza kama sabuni, ukikauka unakuwa saruji, na karanga iliyo ndani ya saruji haing'oleki. Mvua ya Ugogo inakuja inapotaka. Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000, zikapandwa kama 7,500. Wafanyakazi waligoma mwaka huo huo, wimbi la mgomo lililoanzia bandarini Dar es Salaam lilipopanda reli mpaka bara. Wakajaribu alizeti, nayo jua likaichoma. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mpango, hasara ikiwa zaidi ya pauni milioni 35. Inasimuliwa mpaka leo kwamba mbegu za karanga zilizonunuliwa zilizidi karanga zilizovunwa.

Hapo kwenye mbegu niruhusu nirudi shuleni. Shule yetu ya msingi, kama shule zote za wakati huo, ilikuwa na shamba. Mwanafunzi alikuja na jembe Jumatatu, ufagio Jumatano, na ndoo ya samadi Ijumaa. Mwaka mmoja ikaamuliwa tulime karanga. Mwalimu akagawa mbegu, akatupanga mstari, akatuamuru tupande tukiwa tunapiga mluzi wote kwa pamoja. Mnajua kwa nini? Mtu anayepiga mluzi hawezi kutafuna. Ilikuwa akili kubwa sana, ila mwalimu alisahau kwamba watoto 60 wanaweza kupokezana mluzi. Mvua ikaja, tukaenda kukagua, zikawa zimeota karanga chache zenye aibu, moja huku, moja kule. Mwalimu akalaumu panya. Kwa hiyo na sisi, miaka zaidi ya 40 baada ya Mwingereza, pale pale Kongwa, tulitumia mbegu nyingi kuliko mavuno. Tofauti ni kwamba sisi hatukula pauni milioni 35.

Lakini hebu tuache kicheko kidogo. Wagogo waliokuwa wanaishi hapo walipanda uwele na mtama, mazao yanayovumilia kiu. Walikuwa wanajua ardhi ipi inashika maji na mwaka wa njaa unafananaje. Ujumbe uliopita kwa ndege haukuwa na wiki ya kukaa na wazee hao chini ya mti. Nchini Uingereza jina la mpango wa karanga likawa mfano wa mradi wa serikali wa kijinga, na mpaka leo linatajwa. Lawama walitupiwa mawaziri, na walistahili. Ila ninachojiuliza mimi ni kwa nini katika vitabu vyote hivyo Mgogo anatokea kama kibarua tu, au kama mtu wa kuchekesha aliyekimbia nyuki. Watu walihamishwa mashamba yao, walilipwa mshahara kwa miaka mitatu minne, wakazoea fedha, halafu kazi ikafa. Babu yetu wa vifaru alikuwa miongoni mwao. Aliniambia kwamba siku walipopunguzwa kazi alipewa koti. Hilo koti ndilo alilokuwa amelivaa akituhadithia.

Walipoondoka Wazungu waliacha nyumba. Kwa muda palikuwa na shule ya watoto wa Kizungu, iliyofunguliwa mwaka 1948 na kufungwa miaka kumi baadaye wanafunzi wakahamishiwa Iringa, kwenye shule ambayo leo tunaijua kama Mkwawa. Reli ndogo iliyotoka Msagali ikang'olewa, ndiyo tukabaki na lile tuta letu la mbio. Majengo mengi yakabaki matupu, katikati ya nchi, mbali na pwani, mbali na mipaka, mbali na macho ya watu.

Na hapo ndipo historia ilipopiga kona. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa, Kamati yake ya Ukombozi ikapewa makao Dar es Salaam. Vijana walikuwa wanaingia nchini kutoka Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia, Rhodesia na Angola, na walihitaji mahali pa kukaa na kujifunzia vita. Mwaka 1964 wakaletwa Kongwa. Walikuwepo FRELIMO, ANC na SWAPO, na ZAPU na MPLA nao wakawa na kambi zao. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji mwaka 1975, alikuwa katika kambi ya FRELIMO ya Kongwa kabla vita havijaanza Septemba 25, 1964. Chris Hani wa Afrika Kusini, yule aliyeuawa kwa risasi Aprili 10, 1993, alikaa Kongwa. Wanamibia waliopigana vita vyao vya kwanza Omugulugwombashe Agosti 26, 1966, siku ambayo nchi yao inaiadhimisha kila mwaka, kikundi chao kilitokea Kongwa. Majengo yaliyoshindwa kutoa mafuta ya kula yakatoa mawaziri na majenerali.

Bibi yangu aliwakumbuka vizuri sana, ila kumbukumbu zake hazikuwa za kwenye vitabu. Alisema Waafrika Kusini waliimba alfajiri wakikimbia mchakamchaka mpaka kwaya ya kanisa ikaona wivu. Alisema kuna mmoja alikuja kununua mayai, akaanza kuongea lugha yake na mwenzake, ile ya kugonga ulimi, na mama mmoja akatoka nje kuangalia ng'ombe kwa sababu alidhani kuna mtu anawaswaga. Alisema walikuja hawajui Kiswahili, wakakijua, wengine wakajua na Kigogo, wakawa wanasalimia "Mbukwenyi!" kama wamezaliwa Ugogo. Walicheza mpira na vijana wa mjini. Walikunywa pombe ya kienyeji na wakadaiwa madeni, na bibi alikuwa na majina ya wadaiwa kichwani. "Yule," alisema, "ameshakuwa mtu mkubwa kwao. Hajanilipa."

Tulikuwa tunacheka. Na shuleni tulikuwa na rafiki yetu mmoja tuliyempa jina la utani "Mandela", kwa sababu ilijulikana kwamba babu yake, baba wa mama yake, alikuwa mpigania uhuru. Lilikuwa jina la utani kama mengine, na yeye alilifurahia.

Nilipokua ndipo nilipokaa na mama yake nikamsikiliza. Baba yake aliondoka Kongwa yeye akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, mwaka 1967. Ndiyo mwaka ambao wapiganaji wa ANC na ZAPU walivuka mto Zambezi kuingia Rhodesia, na wengi hawakurudi. Mama yake hakuambiwa kitu. Wapiganaji hawakuruhusiwa kuaga. Ilikuwa jioni yupo, asubuhi hayupo. Baada ya Afrika Kusini kuwa huru mwaka 1994, huyu mama alianza kuulizia. Ofisi moja ikamwelekeza nyingine, ya mwisho ikamuuliza swali jepesi: jina kamili la baba? Akalitaja. Ndilo jina analolitumia mpaka leo, ndilo lililoko kwenye cheti chake cha ubatizo. Wakatafuta, halipo. Na halitakuwepo, kwa sababu vijana wa ANC waliokwenda uhamishoni walipewa majina ya bandia ili ndugu zao waliobaki nyumbani wasikamatwe. Jina la ukoo analolibeba huyu mama na watoto wake halina ukoo. Lilitungwa na mtu njiani.

"Mimi sidai pesa," aliniambia. "Nataka tu nijue niseme mimi ni mtoto wa nani."

Sijui kama umewahi kusikia sentensi nzito kama hiyo ikisemwa na mtu anayechambua mlenda.

Hayuko peke yake. Kongwa wapo watu wengine waliozaliwa na wapiganaji, na yapo makaburi ya wapiganaji waliofia pale wakiwa hawajarudi kwao. Serikali imeitambua Kongwa kama sehemu ya urithi wa ukombozi wa Afrika, na ni jambo jema. Wageni wanakuja, wanapiga picha, wanasaini kitabu. Lakini majina ya kwenye mabango ni ya viongozi. Majina ya bandia ya vijana wa kawaida yako vichwani mwa bibi zetu, wale waliowauzia mayai, na ni bibi hao hao ambao wangeweza kukwambia huyu alikuwa na kovu hapa, huyu alisema kwao kuna bahari, huyu alikuwa akililia mama yake anayeitwa hivi. Mtu akizikusanya habari hizo huku, na mwingine akazikusanya kule Eastern Cape au Ovamboland kwa familia zilizopoteza kijana, labda siku moja vipande viwili vitaingiliana.

Na muda hautusubiri. Aliyekuwa na miaka 18 mashine zilipoanza kufika mwaka 1947, leo angekuwa anakaribia 100. Aliyekuwa na miaka 18 wapiganaji walipofika mwaka 1964, leo yuko kwenye 80. Babu wa vifaru amekwisha kufa. Bibi yangu naye amekufa, na orodha ya wadaiwa wake ameondoka nayo. Tuliyajua yote kama vichekesho, na vichekesho vina sifa moja: vinahifadhiwa vizuri sana mdomoni, lakini hakuna anayefikiria kuviandika.

Cha ajabu ni kwamba shuleni, mita chache kutoka hapo, tulikuwa tunakaririshwa Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. Nilikuwa najua jina la Bismarck kabla sijajua kwamba tuta tunalokimbilia ni reli ya kweli. Mwalimu hakuwa na kosa, mtihani uliuliza Bismarck. Ila nafikiri mtoto wa Kongwa anaweza kuelewa ukoloni wote kwa kupelekwa kwenye kipande kimoja cha chuma kilichozama ardhini, na kuelewa ukombozi wote kwa kupelekwa kwa mama mmoja anayetafuta jina la baba yake. Haihitaji bajeti. Inahitaji kutembea dakika kumi.

Mimi nimeanza kwa kinasa sauti cha simu na daftari. Kila nikienda nyumbani nakaa na wazee wawili watatu. Wanaanza na vichekesho, nami nacheka kweli, halafu naanza kuuliza: aliitwa nani, alisema ametoka wapi, aliondoka lini. Mpaka sasa nina majina 23 ya vijana waliopita mtaani kwetu. Pengine yote ni ya bandia. Nimeyaandika yote, kwa herufi kubwa, na mbele ya kila jina nimeacha mstari mtupu wa kuandikia jina la pili.